Sahani Ndogo ya Mzee

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Nilipeleka mzee, baba yangu, kliniki ya sukari hapa Koboko. Watu mingi, benchi moja. Mzee alivaa shati yake ya mifuko minne, kama anaenda kupandishwa cheo. Kidole kubwa ya mguu wa kushoto bado iko nyeusi. Hainuki sana. Inanuka kidogo.

Sista Peace — nesi, msichana mdogo lakini mkali — alipima, akatingisha kichwa. Sukari iko juu kuliko mara ile ingine. Dawa peke yake haiwezi, akasema, chakula lazima ipungue. Turudi Jumatatu tarehe kumi na tisa. Kama haijashuka anaandikia mzee barua ya hospitali ya Arua, wakate kidole. Alisema "wakate" polepole, vile mutu anaweka yai chini.

Mzee akamwambia: binti yangu, mimi jeshini nilikula kwa karai, na nilipanda mlima na bunduki. Benchi yote ikacheka. Sista pia akacheka. Halafu akauliza: na leo mzee unapanda mlima gani? Mzee akaangalia mguu.

Mimi akanifundisha pembeni. Tafuteni sahani ndogo. Nusu yake mboga, asida, ugali wetu, kipande, maharagwe kipande. Sahani kubwa inadanganya jicho.

Nilifurahi sana. Sahani tu? Nilidhani atasema dawa ya bei ya ng'ombe. Mimi mutu wa soko, nauza viatu ya mitumba Arua, nimeshauzia mutu gambuti wakati wa jua. Sahani itanishinda?

Jumatano, 7 Agosti

Sahani inanishinda.

Soko yote ya Arua iko na sahani kama usukani ya lori. Plastiki, kubwa. Bati yenye maua, kubwa. Ile ya chuma inayong'aa — hiyo unaweza kuogeshea mtoto. Nilizunguka mpaka wenye vyombo wakaanza kunicheka. Ocokoru, dada anayeuza vyombo karibu na mimi, akauliza: Sule, unataka sahani ndogo ya nini, umefungua hoteli ya panya?

Nikamwambia ya mzee. Akasema hapa hakuna mutu ananunua sahani ndogo, mutu anataka aone chakula. Lakini iko. Akatoa katoni ya seti ya harusi, ya kauri, nyeupe na mstari ya bluu. Ndani sahani kubwa, bakuli, na zile ndogo. Size yenyewe! Nikashika moja, nikapima na kiganja vile Sista alionyesha.

Nikasema dada, niuzie ndogo peke yake. Akanyang'anya. Seti haivunjwi. Bibi arusi atanunua nini, nusu harusi? Nikabembeleza, nikamwita mrembo, nikamwita shemeji. Akasema: wewe Sule unauza kiatu moja bila ingine?

Nikamjibu haraka, kama kawaida yangu: siku mteja wa mguu moja akija, nitamuuzia.

Watu walicheka. Mimi nikakumbuka kidole ya mzee. Nilifunga biashara mapema, nikasema tumbo inauma.

Alhamisi, 8 Agosti

Duka ya wakubwa yenye mlango ya kioo — iko sahani ndogo, moja bei ya viatu pair mbili nzuri. Niliirudisha na mikono yote miwili.

Mwenye duka ingine akaniletea kisosi ya chai. Maharagwe itakaa wapi?

Mwisho nilinunua sahani ya mtoto, plastiki, picha ya bata amevaa kofia. Nikaiangalia kwa chumba yangu. Mzee alikuwa sajini. Nikampa mtoto wa jirani.

Jumamosi, 10 Agosti

Mungu iko! Ocokoru alinipigia asubuhi. Lori ya jana ilishusha katoni vibaya, sahani kubwa ya seti moja ikapasuka. Sasa hiyo seti si seti. Akasema njoo uchukue ndogo zote kabla sijabadilisha roho, bei ya rafiki. Nikamwambia Mungu abariki mikono ya yule kijana wa lori. Akanitukana, lakini alikuwa anacheka.

Sahani sita. Nimezifunga na soksi, moja moja, nikaingiza ndani ya viatu kwenye mfuko. Kesho Koboko. Nimeshaona kichwani Sista Peace akipima mzee, akiangalia ile mashine, akigonga.

Jumapili, 11 Agosti

Sijui nianzie wapi. Nicheke?

Nilifika, nikapanga sahani juu ya meza kama mutu wa maonyesho. Mama alizipenda. Alizigeuza, aliziosha, akasema hata wageni wa kanisa hawajaona. Mzee akasema sawa, kama Sista amesema sahani ndogo, amri ni amri. Nikakaa nasubiri muujiza.

Mama akapika asida ya muhogo na mtama. Halafu akachukua kibuyu. Ile nusu kibuyu yake ya kupakulia, kubwa, nyeusi ndani kwa miaka. Akaipaka maji, akaingiza asida, akazungusha, zungusha, mpaka ikalainika kama kichwa ya upara. Akaigeuza juu ya sahani ndogo.

Sahani ikapotea.

Naapa. Asida imekaa pale kama kofia ya chuma ya askari, imening'inia pembeni pande zote. Mstari ya bluu hata huoni. Mboga, mama akaweka kwa bakuli ingine, kubwa, kwa sababu "sahani yako haina nafasi."

Nikasema mama, hii ni mingi. Akaniangalia kama mimi ndiye mgonjwa. Akasema: sahani ndogo si hiyo? Si ulisema sahani?

Nilizunguka Arua yote natafuta sahani, na kumbe katika nyumba yetu sahani haijawahi kupima kitu. Ni kibuyu inapima. Kibuyu moja ni mwanaume moja. Tangu nizaliwe niko naona hii kitu kila siku, na sikuiona.

Nikasema basi tukate na kisu, nusu tuweke kesho. Mama akasema asida ya kukatwa anapewa mutu unayemfukuza.

Mzee alikula yote. Akapangusa sahani na kidole. Akasema: sahani nzuri hii, Sule. Rahisi kuosha.

Jumanne, 13 Agosti

Nimempigia Ocokoru aniuzie viatu. Sijarudi Arua. Nilienda soko ya hapa, mama moja mzee anauza vibuyu, nikachagua ndogo, safi. Nikampelekea mama jikoni, nikasema zawadi. Nikaweka na sauti ya biashara: mama mrembo, kibuyu mpya kwa bibi arusi wa zamani.

Hakucheka. Alikuwa anapepeta unga. Akasema kaa chini.

Akaniambia kitu hajaniambia. Wakati walikimbia, serikali ilianguka, wanajeshi wa hapa wanawindwa, wao wakavuka kwenda Kongo. Mzee alikuwa anajificha porini mchana. Mama anampelekea chakula usiku, anaiweka kwa kifuniko ya kopo ya maziwa. Hiyo ndiyo sahani. Mara ingine majani bila chumvi, mara ingine hakuna. Alikuwa anakula anaangalia chini ya kifuniko, anauliza: imeisha? Na mama anasema imeisha. Kila siku yeye ndiye wa kusema imeisha.

Akasema: nilijiambia siku nikipata nyumba, huyu mutu hataona tena chini ya sahani kabla ya kushiba. Sasa wewe unakuja na kibuyu ya kunywea uji, unataka nimwambie nini?

Niliweka kibuyu karibu na unga, nikatoka.

Jioni lakini alitumia kibuyu ndogo. Aliweka tu, akatoka nje.

Alhamisi, 15 Agosti

Siku ya tatu ya kibuyu ndogo. Mzee anakula, anamaliza haraka, anashika sahani mkononi muda mrefu. Haombi. Afadhali angeomba.

Nilimtania nikasema mzee unakuwa mwembamba, wasichana wa soko watakusumbua. Akacheka kidogo, ile ya kunisaidia.

Ijumaa, 16 Agosti

Kitu kingine. Kila siku mchana wazee wa mtaa wanapita kwa baraza yetu. Mmoja na bakuli yake ya bamia, mwingine na samaki kavu, asida ya mama katikati, sahani moja kubwa, mikono yote inaingia. Wanabishana juu ya vita mpaka asri. Juzi walikuja wakakuta mzee na sahani ndogo kwa goti. Wakasema tumeshakula, afande. Uongo — mmoja nilimwona anarudisha samaki yake kwake nyumbani.

Jana hakuna aliyekuja. Leo pia hakuna. Walidhani nyumba imeishiwa, hawataki kutuumiza. Nilienda kwa mmoja kueleza habari ya sukari. Akasema tunaelewa, kijana, tunaelewa, msijali. Akanipa kikapu ya muhogo nipeleke kwa mama. Nitasema nini? Nilibeba muhogo.

Mzee alikaa na viti tupu. Radio inaongea peke yake. Akaniita: Sule, mimi ni mgonjwa ama mfungwa? Nikasema mgonjwa, mzee. Akasema mgonjwa huwa anatembelewa.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimeosha kidonda ya kidole mimi mwenyewe. Pembeni imekuwa nyekundu, mzuri kidogo? Sijui. Mimi najua viatu. Mzee akauliza iko aje. Nikasema safi, wiki ijayo nakuvalisha raba ya Italia. Akasema uniletee pair.

Jumapili, 18 Agosti

Kesho kliniki.

Niko nyuma ya jiko. Asida imeiva, iko kwa sufuria. Wageni wako baraza.

Mzee Yengi amekuja. Rafiki wa mzee wa jeshi, walikimbia pamoja mpaka Kongo, halafu yeye akaenda kukaa Sudan Kusini, hawajaonana miaka. Alishuka kwa boda na fimbo na kuku wawili. Akasimama kwa uwanja akapiga saluti. Mzee wangu alitoka kwa kiti bila kushikwa. Kwa ule mguu. Akasema: Yengi, bado hujafa? Yengi akasema: nilisikia chakula ya hapa bado tamu, nikaahirisha.

Wazee wa mtaa walisikia kelele, wote wamerudi. Kila mmoja na bakuli. Baraza imejaa. Mzee anaongea na mikono yote miwili, sijamwona hivi tangu mvua ya kwanza. Mama alichinja kuku wote wawili.

Halafu sasa hivi asida ilipoiva, mama akaniita. Akapanga chini mbele yangu kibuyu kubwa, kibuyu ndogo, sahani kubwa ya wazee, na zile sahani sita za mstari ya bluu. Akasema: nikiweka sahani moja kubwa, kesho Sista akipima utasema mama ndiye alikata kidole. Nikimgawia kila mutu ka-sahani kake, Yengi atasema tumemfukuza, na baba yako hataniangalia usoni. Mimi ndiye nimempimia huyu mutu chakula maisha yangu yote. Leo wewe ndio utapakua.

Nikasema mama, mimi mwanaume, sijawahi kugeuza asida. Akasema leo utajua. Akafunga kitenge vizuri, akaenda kukaa na wageni.

Sahani moja kubwa, nani ataona mzee amekula ngapi? Atakula kama zamani. Sahani ndogo — wataona wote. Watakula kwa heshima, wataaga mapema, na viti itabaki.

Nilitaka kumpigia Sista Peace. Jumapili. Ningemwambia nini, Sista, kuna furaha hapa, tufanye aje?

Asida ikipoa haigeuki, inapasuka. Juu imeanza kukauka.

Mzee anaita: Sule, wewe umelala huko? Wageni wanakula hewa. Wanacheka. Nasikia mama anapitisha jagi, maji ya kunawa inaanguka kwa beseni, mkono ya kwanza, ya pili.

Nimepaka maji kibuyu kubwa. Na ndogo pia nimepaka.