Nilisikia Saa Nne, Nikaandika Nne

Mshauri mwanangu, shikamoo yangu utanipa tukionana, leo mimi ndiye mwenye shida, kwa hiyo tuiache heshima pembeni kidogo. Mimi ni fundi saa, mwaka wa arobaini na sita huu nimekaa chini ya ngazi za jengo moja, upande ambao mvua haifiki, na sijawahi kushindwa na saa hata moja, iwe ya mkono, ya ukutani au ya mezani. Basi, zimenishinda mbili. Ya kwanza ilikuwa ya ukutani ya shule moja, niliirudisha inakwenda vizuri na mimi nikabaki na skrubu tatu kiganjani, wiki haikuisha ikasimama. Ya pili ndiyo iliyonishikisha kalamu, nayo haina hata skrubu, imo ndani ya simu.

Binti yangu kitinda mimba yuko ng'ambo mwaka wa sita, anapima damu za watu kwenye maabara, na huko amepata mchumba, kijana ambaye wazazi wake walihamia huko zamani lakini lugha yetu wanaizungumza kunishinda, maana mimi darasa la nne niliona linatosha. Wazee wa kijana wakasema wanataka kumwona baba wa binti uso kwa uso kwenye simu, ndipo uchumba uitwe uchumba, binti akanipigia, "Baba, ni Jumamosi, saa nne asubuhi ya huku. Ya huku, Baba, si ya huko. Nikutafutie mimi hiyo ya huko?" Nikamjibu, "Mwanangu, ada yako yote ililipwa na saa za watu, leo ndiyo unifundishe saa?"

Jirani yangu wa kazini, fundi viatu, alikuwa ameshanionyesha kwenye simu ule ukurasa wa saa za dunia, miji imepangwa kama majina ya wanafunzi, kila mmoja na saa yake, huyu anakula chakula cha mchana na yule anakoroma, na juu kuna kisanduku, unaandika saa ya mji mmoja kinakuletea saa ya mji mwingine. Nikasema kumbe kazi yenyewe ni hii tu. Binti kasema saa nne asubuhi, nikachagua mji wake, nikaandika nne, nikagusa asubuhi, kikaniletea kuwa kwetu ni 11:00. Na hiyo kumi na moja haikunibabaisha, sikuzaliwa jana, mshale mfupi ukisimama kwenye kumi na moja asubuhi sisi tunaita saa tano, hata mtoto wa chekechea anajua. Nikafunga simu kwa fahari.

Jumamosi, saa tano kasorobo, nimekaa na suti, mama watoto pembeni na nguo yake ya sherehe, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari. Ikafika saa tano. Ikafika tano na robo. Mama watoto akaniuliza, "Mzee, una hakika na saa?" Nikamwambia, "Unamuuliza nani?" Ilipofika tano na dakika thelathini na nne damu ikanichemka, nikabonyeza pale pa kurekodi sauti, kwenye kundi ambamo wamo wao wote, nikasema, "Ukoo usiojua saa hauna haja na binti yangu. Nimekaa hapa nusu saa kama mtuhumiwa. Kwaherini." Nikazima simu, nikavua suti, nikaenda kucheza drafti mpaka jua likazama. Simu ya mama watoto nayo ilikuwa imefunguliwa mezani kwangu naitengeneza. Ilikuwa nzima kabla sijaanza.

Kumbe wenzangu muda ule walikuwa wamelala fofofo. Waliamka wakayasikiliza maneno yangu kabla ya chai, na bado, mshauri, bado walivaa wakaja, watu kumi na mmoja, wakapanga viti mbele ya simu ya binti yangu, wakaningoja saa nzima na dakika arobaini. Kesho yake nilipowasha simu nikakuta mjomba wa kijana ameandika neno moja tu: "Tumesikia."

Fundi viatu ndiye aliyenitoa tongotongo. "Mzee," akasema, "hicho kisanduku kinahesabu Kizungu, saa nne yetu hakiijui. Ulitakiwa uandike kumi. Yaani wakati wa kutoka umetafsiri, wakati wa kuingia hukutafsiri." Akacheka mpaka akaweka nyundo chini.

Hapo ningekiri mambo yangekwisha. Lakini binti alipopiga, kabla hajatamka neno, mdomo wangu ukaniwahi: "Si wewe uliyeniambia saa tano ya huku?" Akasema, "Basi nitakuwa nimechanganya mimi, Baba. Wewe kwa saa huwezi kukosea." Akaenda kuwaomba radhi wote mmoja mmoja, na shangazi wa kijana akamwambia, "Msichana anayeshindwa kupanga kikao kimoja ataweza kupanga nyumba?" Sasa wametoa nafasi ya mwisho, Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne ileile ya kwao, na wanataka binti aombe radhi tena, safari hii mbele yangu. Nikisema ukweli, chini ya ngazi nitakaa kwa uso gani, fundi saa asiyejua saa? Nikinyamaza, mwanangu ndiye mzembe. Hakuna njia ya katikati, mshauri? Tuseme mtandao ulisumbua?

Fundi Saa, Chini ya Ngazi

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu, shikamoo umeiahirisha, basi pokea pole, na pole yenyewe ni ndogo.

Kukosea hesabu si ajabu. Sisi asubuhi yetu tunaihesabu tangu jua linapochomoza, hizo saa za mtandaoni zinaanza siku usiku wa manane, na katikati hapo pana shimo la saa sita ambalo wengi wameshatumbukia. Lakini wewe hukuponzwa na kisanduku. Umeponzwa na mdomo. Binti alijitolea kukusaidia, ukamkumbusha ada. Mkeo alikuuliza kama una hakika, ukamjibu kwa swali. Kisha ukamtwika mtoto mzigo wako, naye akaubeba kwa sababu anakuamini. Unajua ni akina baba wangapi wananiandikia kuwa watoto wao hawawaamini hata wakisema mvua inanyesha? Wewe unaaminiwa, na imani hiyo umeifanya tambara la kufutia kosa lako.

Unaogopa wateja. Wateja wanakuletea saa zilizosimama, na wataendelea kuzileta. Halafu fundi viatu ameshajua. Kama unadhani jengo zima bado halijajua, basi humjui fundi viatu.

Mtandao usiutaje kabisa.

Mpigie binti yako leo, akiwa peke yake, umwambie. Asije akausikia ukweli huu kwa mara ya kwanza mbele ya watu kumi na mmoja. Siku ya kikao uwe wa kwanza kusema, salamu hazijapoa: kosa ni langu, binti hana kosa, na yale maneno niliyorekodi nayafuta. Basi. Habari za mshale mfupi na mrefu ziache nyumbani.

Na saa yenyewe nisikilize vizuri, maana unaweza kuikosa tena. Nimeuchungulia ukurasa uleule. Huko kwa binti yako Jumapili hii wanarudisha saa zao nyuma kwa saa moja, ndivyo wanavyofanya kila mwaka baridi ikikaribia. Kwa hiyo chagua mji, chagua na tarehe ya kikao, andika kumi, si nne. Utaletewa 18:00. Toa sita. Ni saa kumi na mbili jioni, wala si kumi na moja kama ambavyo ingekuwa ile Jumamosi uliyoharibu. Ukae kwenye kiti mapema. Wakichelewa, ngoja. Wakichelewa sana, ngoja sana, na mkono wako usikaribie pale pa kurekodi.

Simu ya mkeo ikusanye ilivyo, uipeleke kwa fundi simu.

FUNDI SAA ANAANDIKA TENA

Mshauri, nilikaa tangu saa kumi na moja, suti ileile. Binti nilimwambia siku ileile niliyosoma gazeti, kama ulivyoamuru. Hakulia wala hakucheka. Alisema, "Baba, niliwaomba radhi watu kumi na mmoja." Nikamwambia najua. Akasema, "Hujui," akakata simu, na siku tatu hakupiga.

Saa kumi na mbili kamili wakatokea, wote, binti katikati hanitazami. Nikayasema yale matatu bila mshale. Nilidhani simu imeganda. Kisha yule mjomba wa "Tumesikia" akajikuna kidevu, akasema, "Mzee, mimi nilipofika huku niliambiwa kazini nifike saa tisa, kwa hesabu yao. Nikafika saa tisa. Alasiri."

Shangazi akadakia, "Na kazi hukupata."

"Sikupata."

Wakaanza kucheka mmoja mmoja, shangazi akiwa wa kwanza na binti yangu wa mwisho, lakini alicheka. Akamwambia shangazi, "Basi sasa mnajua nani alishindwa kupanga kikao," na shangazi mbele ya watu wote akasema, "Nisamehe, mwanangu." Uchumba umeitwa uchumba.

Limebaki jambo moja. Lile gazeti lenye barua yangu mama watoto amelikata, anawasomea wageni, na binti naye anataka nakala yake huko aliko. Sehemu kubwa ya ukurasa ule niliiandika mimi, bila malipo, kwa hiyo hapo mna deni langu. Nitumieni nakala moja, na kama mkasi uko karibu, majibu yako yakatwe.