Mlio wa Gia ya Pili

Kabambare, Jumamosi. Mvua imekatika, udongo bado unanukia.

Mlio ule haujanitoka masikioni: kamio ya misheni, lile lori la Mapadri, ikipanda kilima cha shule yetu kule Kasongo, shofere ameingiza gia ya pili. Sauti nyembamba, kama mtu anayeanza kulia halafu anajizuia. Ilikuwa Jumatatu, nasahihisha madaftari ya wasichana wangu. Kalamu ikasimama. Gari la Baba lilikuwa likilia hivyohivyo, nilipokuwa mtoto nikisinzia kwenye kiti cha nyuma.

Gari hilo halijatembea miaka miwili, limesimama kando ya njia. Aliyemwachia Baba ni mfanyabiashara Mgiriki, ambaye Baba alikuwa dereva wake, siku Mgiriki huyo aliporudi kwao. Ni dogo, jeusi, na puani lina kibao cha shaba: LORVAL. Sanduku la gia lilipovunjika meno ndani, niliandika barua za kuomba jingine kwa wauza vipuri wa Bukavu, kisha Léopoldville. Majibu yalikuwa mamoja: jina hilo hatulijui. Sasa watu wa barabara wamesema mwisho wa mwezi watalisukuma bondeni, wapanue njia.

Baba bado analifuta kila asubuhi kwa shati lake la zamani la kazi.

Naona haya kuandika linalofuata.

Huku kwetu fundi husikiliza injini kwa mpini wa jembe: ncha moja kwenye chuma, nyingine sikioni. Baba alilisikiliza gari lile hivyo kwa miaka, na kamio ya Mapadri kila ilipopita hapa. Siku ya barua ya kwanza alisema, mbele ya majirani: "Hii mutuka iko ndugu ya kamio ya Mapadri. Tuanze kuuliza kwa Mapadri." Nilikuwa nimetoka shuleni kwa masista, diploma bado inanukia wino. Nikacheka. "Baba, imeandikwa hapa. Kamio ilitoka Amerika, hii ilitoka Ubelgiji." Watu wakacheka pamoja nami. Nyumbani kwetu ni mimi ninayesoma, na juu ya kitu kilichoandikwa neno langu ndilo la mwisho. Baba hakulisema neno hilo tena.

Miaka miwili.

Nyuma ya karakana ya useremala ya misheni kuna kamio ya pili, ya aina ileile, iliyokufa zamani. Kuku wanataga ndani yake. Jumanne nilimwomba Padri sanduku lake la gia. Akasema nimletee kwanza uthibitisho kwamba litaingia kwenye gari la Baba. Nikanakili namba iliyochongwa kwenye chuma cha sanduku hilo, na jana nikapanda lori la pamba kuja huku.

Leo asubuhi nililala chini ya gari la Baba, nikakwangua grisi kwa kisu cha jikoni. Namba ileile, tarakimu kwa tarakimu. Kando yake mtu alikuwa amefuta kwa tupa jina la kiwanda kilicholitengeneza, ila mkia wa herufi ya mwisho ulibaki, sawa na ule wa jina lililo kwenye kamio. Kumbe hao wa Lorval walitengeneza bodi tu. Vyuma vya ndani walivinunua kwa Waamerika, wakapigilia kibao chao juu.

Nikabaki pale chini muda mrefu, mgongo umelowa. Ningeweza kutoka na kusema, nimegundua. Wangenishangilia. Baba mwenyewe angejivuna.

Nilitoka nikawaita majirani walewale. Nikasema Baba alilitambua gari hili miaka miwili iliyopita, na mimi ndiye niliyemfunga mdomo.

Baba mudogo, ambaye hakuna jambo linalompita bila utani, akapiga makofi. "Ee! Tunatafuta ndugu yake mpaka Ulaya, kumbe iko Kasongo anafuga kuku!"

Baba hakucheka. Aliingia chini ya gari, akapapasa namba ile kwa kidole, akakaa huko. Nilimsikia akikohoa. Alipotoka alisema tu: "Andika barua kwa Padri, mutoto wangu. Lakini safari hii unisomee mbele, kabla ya kuituma, nisikie."

Nikamsomea. Mstari wa kwanza unasema aliyelitambua gari ni yeye, kwa sikio lake, kabla ya mimi kuona namba yoyote. Akaniomba nirudie mstari huo. Nikarudia.

Barua imeondoka saa nane kwa baiskeli ya katekista. Kibao cha shaba nimeshakifungua. Kiko hapa mezani, kimekandamiza daftari hili lisifungwe na upepo.