Barua Iliyopanda Ngomeni

Mawaleh, Maskati

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linasemaje siku hizi? Mimi mzima, tena nimenenepa, suruali ya Idi hainifungi.

Kwanza kabisa, mama, sijabadili dini. Ile kadi nyekundu iliyokufikia, yenye picha ya kichwa cha tembo, ni ya Mohan, Mhindi ninayepima naye vitunguu hapa sokoni. Anamwoza binti yake, na kwao kadi ya kwanza ya harusi hupelekwa kwa mungu wao, katika hekalu lililo ndani ya ngome ya kale, juu ya kilima, katikati ya hifadhi ya wanyama. Tarishi hupanda na gunia la kadi, kuhani akazisoma kwa sauti mbele ya sanamu. Mohan alikulia chini ya kilima hicho. Anasema kuta zinakizunguka chote, na nyani wa kule wanawanyang'anya watu ndizi mkononi. Mwaka alipooa yeye, chui milia alijilaza langoni, na wageni wakasubiri mpaka adhuhuri mwenyewe alipoamua kuondoka.

Sasa, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri, Mohan aliniomba nimwandikie anwani. Siku hiyo nami nilikuwa na barua ya kukutumia wewe. Nikafunga bahasha zote mbili huku nabishana na dereva wa lori la nyanya, nikazichanganya.

Tumejua juzi, kaka yake Mohan alipopiga simu dukani kutoka kwao. Kuhani alijitahidi kuisoma barua yako mbele ya sanamu, akakwama kwenye shikamoo. Mohan alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. "Rafiki yangu," akaniambia, "harusi yako imeitangulia ya binti yangu." Kadi nyingine ameshaipeleka.

Mimi sikucheka sana. Barua ile ilikuwa ya kukuomba uende kwa Mzee Kombo, fundi cherehani, ukaniposee Mwanahamisi. Dada Zaina ameniandikia kwamba mtu wa Korogwe ameshapeleka posa, na atajibiwa baada ya Maulidi. Zimebaki wiki tatu. Barua hii nampa Salum anayerudi huko nyumbani kesho, na bahasha nimeifungua mara mbili kuhakikisha. Vaa buibui uende leo hii, mama, goti litanisamehe.

Msalimie dada Zaina, mjomba wa duka la mafuta ya taa, na bibi jirani anayeniombea dua. Mwanahamisi salamu tu hazimtoshi. Kwamba ninampenda, wanajua kuhani mmoja na nyani wa ngomeni. Mwenyewe bado hajaambiwa.

Mwanao akupendaye,
Athumani