Fundo la Mama Mdogo

Mama, shikamoo.

Koti ulilonishonea limenikaa barabara, mpaka manesi wanauliza fundi ni nani.

Tumeletewa vyuma vipya vya upasuaji wa matundu madogo. Kwa vile vya zamani, uzi tuliuona kwenye skrini tu, hatukuuhisi. Hivi vipya, uzi ukikaza, mpini unakuzuia. Jana nilivuta fundo kama siku zote, vidole vikagoma: nyama ilikuwa karibu kukatika.

Nilipomshona mdogo wako nilivuta vivyo hivyo, na hakuna kilichonizuia. Nilikwambia mwili wake uliukataa uzi, nami nikajiaminisha. Siku ya mazishi uliibusu mikono yangu, ukasema, "Ahsante, mwanangu, ulijitahidi."

Mama, ni fundo langu lililomkata.

Mwanao, uliyemfundisha kushona