Saa ya Baba na Poti ya Sita

Baba yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma za kiwanda cha maziwa, huku upande wa Njoro, kikombe cha chai mkononi. Miaka miwili imeisha tangu tukurudishe nyumbani Lugari na kukuzika, na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Leo nina jambo ambalo ni wewe tu ungelielewa lote, kuanzia saa hadi sukari.

Nianze na saa. Ile saa yako ya mkononi, yenye mkanda ulioushona mwenyewe kwa uzi wa magunia, ninayo mimi. Kaka zangu waligawana koti na redio, mimi nikasema nipeni saa. Uliitega kwa Kiswahili maisha yako yote. Ikiwa ni saa mbili asubuhi, mshale mfupi ulikaa kwenye mbili, si kwenye nane kama saa za watu wengine. Nikiwa darasa la tatu nilikuuliza mbona saa yako imeharibika, ukacheka mpaka ukakohoa. "Mama," ukaniambia, maana uliniita hivyo kwa kuwa nina jina la mama yako, "saa yangu inasema vile mdomo unasema. Hizo zingine ndio zimeharibika."

Na kumbe wewe ndiye uliyekuwa mpiga king'ora wa kiwanda cha mtaani kwetu! Kaptembwo yote iliamka na kula kwa kidole chako. Ofisini ulikuwa na saa kubwa ya ukutani, iliyotegwa kama za wazungu, na mkononi hii yako, na hukuwahi kuzichanganya. Mimi nimesomea kompyuta, nina cheti kilichotundikwa ukutani, na nimezichanganya. Nitafika huko.

Unakumbuka zile safari zetu za Desemba? Siku mbili tatu kabla ya Krismasi ulikuwa ukivaa shati safi, unanishika mkono, tunaenda hadi kwa Mzee Ouma, yule fundi wa baiskeli, tukimpelekea kilo mbili za sukari. Nilidhani ni ndugu yetu. Alikushukuru kwa mikono miwili kila mwaka, anakuvutia stuli, anapiga kelele mkewe alete soda ya mtoto. Mimi nilifurahia soda. Wewe ulikaa ukitazama kofia yako.

Ulinieleza ukiwa umeshaugua, siku ile nilipokuwa nakukata kucha. Kwamba asubuhi moja saa ya ukutani ilikuwa imesimama, nawe hii ya mkononi ulikuwa umeisahau nyumbani, ukakisia, ukapiga king'ora mapema. Geti likafungwa. Ouma, mfanyakazi mwenzako ambaye alikuwa ameonywa mara mbili kwa kuchelewa, alifika kwa wakati wake sawasawa akakuta geti limefungwa, na hiyo ikahesabiwa ya tatu. Akafutwa. "Ningeenda kwa meneja niseme kosa ni langu," ukaniambia. "Niliogopa. Nikangoja kesho, halafu kesho ingine." Ouma alikuwa ameshakufa wakati ulipoyasema hayo. Nilimaliza kukata kucha zako, nikakuuliza kama unataka uji.

Sasa kazi yangu. Ulizoea kuniuliza, "Hizi waya unalipwa kuziangalia tu?" Ndiyo, Baba, karibu hivyo. Hapa kiwandani kuna kichumba kisicho na dirisha, na ndani yake kuna sanduku bapa la chuma linaloitwa swichi. Lina matundu ishirini na nne ya kuchomeka waya, tunayaita poti, na kila poti ni kama geti dogo: nikiwa kwenye kompyuta yangu naweza kuifungua hii na kuifunga ile. Poti ya sita ndiyo inayoleta habari za joto la tangi la pili la maziwa hadi ofisini, na maziwa yakianza kupata joto kengele inalia. Halafu swichi yenyewe ni karani. Kila kitu inaandika: poti fulani imezimika, saa fulani. Watu wanaiamini hiyo orodha yake kuliko macho yao.

Jumanne ya wiki iliyopita stima ilipotea. Iliporudi, swichi ilikuwa imesahau saa. Haina betri ya kuitunzia wakati, kwa hivyo ikiwaka upya inadhani ni Januari ya mwaka wa zamani. Kawaida inafaa kuagizwa ichukue saa yenyewe kutoka kwenye mtandao, na hilo nilikuwa nikilisogeza mbele miezi mitatu: nitalifanya kesho. Siku hiyo laini ya nje ilikuwa bado haijarudi, kwa hivyo nikaamua kuandika saa kwa mkono. Nilikuwa kwenye kile kichumba tangu alfajiri, nimechoka, tochi ya simu nimeiuma kwa meno. Nikatazama saa yako. Mshale mfupi ulikuwa kwenye nane. Nikaandika tarehe na nane kamili, nikabonyeza, nikatoka.

Ilikuwa saa nane mchana, Baba. Kwa swichi, inayohesabu kuanzia saa sita usiku, nane ni saa mbili ya asubuhi. Mchana ule nilitakiwa kuandika kumi na nne. Siku zote huwa naigeuza kichwani bila hata kufikiri, kama mtu anavyobadilisha lugha akimwona nyanya yake mlangoni. Siku hiyo sikugeuza. Swichi ikabaki nyuma kwa saa sita, ikiendelea kuandika kwa mwandiko mzuri kabisa.

Jumatano jioni nilirudi kupanga waya zilizokuwa zimesokotana. Nilizichomoa, nikazifunga vizuri, nikazirudisha. Ningeweza kuapa kwamba kila moja nilirudisha mahali pake. Usiku huo mashine ya kupoza tangi la pili ikazimika, kengele isilie, na Alhamisi asubuhi maziwa yalikuwa yameganda. Jasho la wakulima wa kutoka Molo na Mau Narok likamwagwa kwenye mtaro, na madereva wa pikipiki waliolibeba wakiangalia. Nilipokimbilia kichumbani nikakuta waya wa tangi hauko kwenye poti ya sita. Uko kwenye ya saba, ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeifunga kwa sababu haina kazi.

Meneja wetu, Bwana Kirui, akasema nimpe ile orodha ya swichi. Nikaichapisha. Poti ya sita imezimika Jumatano, saa sita kasoro dakika ishirini mchana. Akafungua kitabu cha funguo, ambamo kila anayeingia kichumbani huandikwa. Saa hiyo aliyekuwa ndani alikuwa Mama Nekesa, anayepiga deki. Karani wa ofisi alipoulizwa kama joto la tangi lilikuwa likionekana mchana ule, akasema hakutazama skrini hata mara moja. Basi hadithi ikajitunga yenyewe: mama amevuta waya na mti wa deki, akaurudisha shimo lisilo lake, akanyamaza. Hata mimi niliiamini. Nilimhurumia, lakini niliiamini, na karatasi ile niliiweka mezani kwa mkono huu.

"Mimi sijagusa waya yoyote," alisema Mama Nekesa. Hakupaza sauti. "Nilipanguza sakafu, nikatoka. Madam, si wewe unanijua?"

Nikatazama chini. Akaambiwa aende nyumbani, arudi Jumatatu kuchukua barua yake. Alitoka kupitia pale wanapopokea maziwa, mbele ya madereva wote, na mmoja akampigia mluzi.

Ijumaa nilikaa niandike ripoti, nikaisoma ile orodha tena, mstari kwa mstari. Juu kidogo ya poti ya sita palikuwa na mstari nilioupita bila kuuona: kompyuta yangu mimi imechomekwa kwenye swichi, Jumatano, saa tano na nusu asubuhi. Nikashangaa. Saa tano na nusu Jumatano nilikuwa Salgaa, kwenye kibanda, nakula chapati na maharagwe nikingoja lori lililokuwa linaniletea vifaa. Nakumbuka hata niliungua ulimi. Ningewezaje kuwa Salgaa na hapa? Nikainua mkono nitazame ni saa ngapi. Mshale ukanionyesha: Jumanne niliandika nane yako, sikugeuza.

Hesabu nami, Baba. Ongeza saa sita. Saa tano na nusu ya swichi ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni, wakati nilipokuwa napanga waya. Dakika kumi baadaye poti ya sita ikazimika, na mkono uliouchomoa waya ule ulikuwa umevaa saa yako.

Sasa nikuambie ukweli wote, kwa sababu wewe uliniambia wako. Nilifikiria kunyamaza. Kurekebisha saa ni mstari mmoja. Kufuta orodha yote ni mstari mmoja mwingine, na hakuna mtu kiwandani mzima ambaye angejua. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao na Kirui ndiye anayesaini. Nilijiambia Mama Nekesa atapata kibarua kingine, mikono yake ni mizuri. Nilijiambia nitamsaidia kimyakimya, nitampelekea vitu vya nyumbani mara moja moja. Hapo ndipo nilipokuona, umevaa shati lako safi, sukari kwenye mfuko wa karatasi.

Sikufuta kitu. Niliacha saa mbaya vilevile ili waione, nikachapisha orodha mara ya pili, nikapiga kalamu chini ya ule mstari wa kompyuta yangu, wa saa niliyokuwa Salgaa.

Jumatatu nilimkuta Mama Nekesa amekaa kwenye benchi nje ya ofisi, amejifunga kitambaa chake cha kanisani, mkoba mapajani, kama anayekwenda kwenye matanga. Nikamwambia tuingie pamoja. Nikagonga mlango.

"Boss," nikasema, "hiyo makosa ni yangu. Saa ya swichi niliiset vibaya, na waya niliitoa mimi. Mama hakuwa hata karibu."

Kirui akazitazama zile karatasi mbili. "Kwa hivyo ulinipatia uongo nikafukuza mtu?"

"Nilikupatia kitu sikuhakikisha."

"Na hii saa uliitoa wapi?"

Nikaivua nikampa. Akaigeuza, akatazama ukuta, akaitazama tena, uso wake ukawa na tabu ya kubaki mkali. "Guka, babu ya mke wangu, alikuwa na kama hii," akasema. "Kila siku alikuwa anachelewesha watu harusi." Halafu akakumbuka maziwa, akaacha kutabasamu. Nimepewa barua ya onyo, Baba, na nimeisaini. Mkataba alisema ataufikiria. Jana amesaini, akaongeza kwamba afadhali mtu anayesema kuliko mtu asiyekosea, kwa sababu huyo wa pili hajawahi kumpata.

Lakini Mama Nekesa hakunikumbatia, na sikustahili. "Siku nne sijalala," akasema. "Watoto waliniuliza nimeiba nini. Madam, ulinichafua pale nje mbele ya watu wa maziwa. Kuja unioshe pale pale."

Nikatoka naye. Madereva walikuwa wamepanga mitungi, wanapiga gumzo. Nilisimama juu ya kreti nikasema kwa sauti, jina langu kwanza, kwamba maziwa yale yaliharibika kwa mkono wangu, si wa huyu mama. Wengine walinung'unika, na walikuwa na haki. Yule aliyepiga mluzi akavua kofia akasema, "Pole, mathe." Mama Nekesa akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani kutafuta ndoo yake. Mimi nikaenda nyuma ya tangi nikalia kidogo, si kwa uchungu. Nilikuwa nimetua kitu ambacho nilikuwa nimekibeba siku tatu tu, na wewe ulikibeba miaka mingapi?

Mchana huohuo nilifanya nilichokuwa nakisogeza mbele. Nimeiagiza swichi ichukue saa kutoka kwenye mtandao, sehemu mbili tofauti ili moja ikikosa nyingine ijibu, na nimeiambia iko Kenya, si Ulaya. Kila poti nimeipa jina lake, ya sita inaitwa Tangi la Pili, na kila waya nimeubandika karatasi. Sasa Mama Nekesa akija kupiga deki ananiita kwa sauti korido nzima isikie: "Madam! Kuja uhesabu waya zako kabla sijaingia!" Na mimi nakwenda, nazihesabu mbele yake, tunacheka. Juzi kwa mara ya kwanza alinimiminia chai yake ya chupa.

Saa yako bado naivaa. Sikuigeuza, inasema vile mdomo unasema. Ninachokijua sasa ni kwamba hukuwa mtu mbaya, Baba. Ulikuwa mtu aliyeogopa, na ungekaa kimya mpaka mwisho, nisingejua njia ya kutokea. Uliniambia nikikukata kucha, na hiyo ndiyo iliyonisukuma mlangoni kwa Kirui. Kama kuna namna ya kumwona Mzee Ouma huko uliko, mwambie na yeye uliyoniambia. Nadhani atakuvutia stuli.

Desemba inakaribia. Nitapita dukani kama kawaida, nichukue unga na mafuta ya kupikia. Sukari nitanunua ya nyumbani kwangu tu.

Lala vizuri.

Ni mimi binti yako, yule uliyemwita Mama.