Mashine ya Betri na Mfereji wa Mtaa Wetu

Mtaa wa Shimo-Kawara,
Mji wa Kamisawa,
Niigata.

11 Februari 2022

Mpendwa Shangazi Chizuko,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mjomba Seikichi, na kwamba goti lake limeacha kumsumbua. Binamu Kanae alitupigia akasema huko Okinawa miti ya cheri imekwisha kuchanua. Hapa theluji imefika kwenye madirisha ya juu na tunawasha taa mchana. Mimi si mgonjwa, ila usingizi umenipungua.

Babu, baba yako, anakula vizuri, na supu anaomba aongezewe. Daktari anasema moyo wake uko vilevile, maana yake si mzuri. Bado amekatazwa kushika beleshi.

Nakushukuru tena kwa mashine ya kurushia theluji uliyotuletea. Umeniuliza mara mbili kwenye simu kama hii ya betri inafaa kwa matumizi ya nyumbani, nami mara zote mbili nilizungusha maneno. Babu huwa ameketi karibu yangu akisikiliza. Ndiyo sababu nimeona niandike.

Theluji mpya, ile nyepesi, mashine inaila vizuri sana, tena bila kelele. Asubuhi ya kwanza Babu aliisukuma mbele ya nyumba akitabasamu kama mtoto aliyepewa baiskeli. Mzee Hoshina, jirani yetu wa ng'ambo, alitoka kuangalia.

"Tokuji, hiyo ni mashine au feni ya kupozea supu?"

"Nyamaza wewe! Kelele zako zinaizidi."

Sikuwa nimemsikia Babu akitaniana na mtu hivyo tangu Baba afariki.

Lakini wewe umezaliwa hapa, unaijua theluji yetu. Siku nyingi ni nzito, imejaa maji. Inaziba koo la mashine hadi niichokoe kwa kijiti. Halafu greda la mji likipita alfajiri huacha ukuta wa theluji mbele ya lango, mgumu kama saruji. Mashine inaugonga, inatetemeka, inajizima. Betri nayo haipendi baridi. Tulishauriwa tuitunze penye joto, basi Babu huilaza chini ya kotatsu, ile meza yetu ya kuotea moto, ndani ya blanketi, pamoja na miguu yake na paka. Inatoka humo ina joto kama mkate, na inaishiwa nguvu kabla ukuta haujapungua nusu.

Hayo tungeyavumilia. Kilichotushinda ni mfereji.

Wajua nyumba zetu zilivyobanana. Hakuna mwenye mahali pa kutupa theluji bila kumtupia jirani, ndiyo maana tunangoja zamu ya mtaa wetu, maji yafunguliwe, tuinue vifuniko vya chuma na kuitia theluji mferejini kidogo kidogo iende mtoni. Mashine hii imetengenezwa kwa watu wenye uwanja wa kurushia. Sisi shida yetu haikuwa kurusha, Shangazi.

Kuna jambo sijakueleza kuhusu kazi yangu ya ukarani. Siku za theluji mimi ndiye ninayesoma tangazo la maji kwenye vipaza sauti vya mji. "Mtaa wa Shimo-Kawara, maji yamefunguliwa. Tafadhali tokeni." Bi Sumi, yule wa nyumba ya chini yetu, ananitania kwamba nasoma kama mtu anayetangaza mazishi yake mwenyewe. Hajui alivyokaribia ukweli. Kila nikitaja mtaa wetu najua nimemtoa Babu ndani, nami niko mezani ofisini, siwezi kwenda kumsaidia. Simu za wazee walioanguka huja kwenye meza hiyohiyo.

Nilimwomba mkuu wangu anibadilishie zamu. Hakuinua hata uso. "Shuhei, kila mtu hapa ana babu," akasema.

Sasa sikiliza yaliyotokea mwishoni mwa Januari. Nilisoma tangazo kama kawaida. Babu aliona betri inaanza kuchoka, akahofu zamu itakwisha na theluji bado iko langoni. Akaelekeza mdomo wa mashine kwenye mfereji, akaimwaga theluji yote kwa mara moja. Mfereji ukaziba. Maji yakapanda juu ya barabara, yakateremka hadi kwa Bi Sumi, yakaingia mlangoni, viatu vyake vikaelea. Mzee Hoshina alikuwapo, ndiye aliyenisimulia.

Bi Sumi alitoka na soksi zimelowa. "Tokuji! Tangu tukiwa wasichana unatufokea: kidogo kidogo, tieni kidogo kidogo! Leo wewe umemwaga mlima mzima!"

"Ni mashine, Sumi."

"Mashine ndiyo iliyojielekeza?"

Wewe unajua kwamba Babu ndiye aliyeufundisha mtaa mzima kuutumia mfereji ule, na kwamba watoto wote walimwogopa kwa sababu hiyo. Alichukua mtaimbo, akalala kifudifudi juu ya theluji, akachokoa shimo hadi maji yalipoondoka, huku Mzee Hoshina amemshika koti asitumbukie. Niliporudi jioni nilimkuta ameketi, midomo yake ina rangi ambayo sipendi kuiandika.

Kesho yake alivaa suti. Akachukua maboksi ya biskuti za mchele, akapita nyumba kwa nyumba kuinama na kuomba radhi, hata kwa watu ambao hawakupata tone la maji. Bi Sumi alilia, akamsihi arudi na biskuti zake. Alikataa.

Tangu siku hiyo mashine iko stoo. Babu amerudia beleshi. Nikilificha, anaazima la Mzee Hoshina. Nimembembeleza, nimemkaripia, Mungu anisamehe, na bado nikisoma tangazo anatoka. Vijana wa kuajiri hawapo. Upande wetu wanaotoka kwenye zamu ni yeye, Mzee Hoshina na Bi Sumi, na hakuna kati yao anayestahili kuwa nje.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Penye uwanja mpana na theluji nyepesi, mashine ya betri inafaa, na mtu asiidharau. Kwetu haifai. Tafadhali usinunue betri ya pili kama ulivyopanga, wala usitafute mashine kubwa ya petroli. Hiyo Babu hataweza hata kuigeuza, na mfereji utakuwa uleule.

Jana baada ya chakula Babu alisema, bila kugeuka kutoka kwenye televisheni, "Hivi kule kwa Chizuko, watu wakiamka asubuhi msimu huu, wanafanya nini?"

Nikamwambia sijui, labda wanakunywa chai.

"Halafu?"

Umemwita miaka mingapi aje kuishi nanyi, naye akisema atatolewa hapa amebebwa? Nilipaswa kufurahi. Badala yake niliingia jikoni nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Naomba umwandikie wewe mwenyewe, umtajie kazi inayomngoja asubuhi. Kama haipo, ibuni.

Betri bado iko chini ya kotatsu. Nilitaka kuipeleka stoo pamoja na mashine yake, Babu akanizuia. Alisema zawadi ya mwanawe haiwezi kulala kwenye baridi.

Leo ni sikukuu na sina zamu, lakini mawingu yameshuka tena mlimani. Kesho alfajiri nitakuwa kwenye kipaza sauti.

Nisalimie sana Mjomba Seikichi, na Kanae na mwanawe. Mzee Hoshina anakusalimu. Bi Sumi pia, naye ameniomba nisikuandikie habari za viatu, kwa hiyo usimwambie kwamba unazijua. Mbingu ziwatunze nyote, na jua la huko liwatoshe, na libaki la kumpa mzee.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye siku zote,

Shuhei