Sauti ya Saa Saba

Jumanne, 4 Machi

Saa Saba amenigombeza leo mbele ya watu. Katika kipindi changu cha salamu za hospitali nilitamka vibaya jina la mgonjwa mmoja. Nilipotoka studio nikamkuta mlangoni ananisubiri. Akasema yule mama amelala wodini wiki nzima anangoja kusikia jina lake, na mimi nimempa la mtu mwingine. Nilinuna hadi chai ikanipoa. Halafu nikaona ana haki. Kesho nitamtaja upya na kumwomba radhi.

Ndivyo alivyo. Jina lake halisi hata kazini hatulitumii. Nchi nzima inamwita Saa Saba, kwa sababu ya taarifa ya habari ya saa saba mchana. Ndiye aliyetangaza bendera ya uhuru ilipopandishwa. Ndiye aliyesoma majina ya waliokufa kwenye mafuriko – yote, bila kukohoa, watu wamesimama barabarani wanasikiliza redio za madukani. Na anajipenda! Hupaka nywele mafuta na kuzichana kabla ya kuingia hewani, utadhani maikrofoni ina macho. Fundi mitambo humtania kwamba siku moja itamposa.

Mama yangu anampenda kuliko anavyonipenda mimi. Taarifa ikiisha tu, anazima redio ili kubana betri. Kipindi changu kinafuata hapo hapo! Nilimuuliza. Akasema sauti yangu anaisikia bure hapa nyumbani.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi. Niandike hivyo hivyo.

Wanajeshi wameteka redio.

Nilifika kwa zamu ya asubuhi. Lango wazi, kiti cha mlinzi kitupu, kofia yake iko chini. Nikadhani amekwenda kujisaidia. Ndani nikashikwa mkono na askari hata kabla sijauliza. Tulisimamishwa kwenye korido, nyuso ukutani, mikono kichwani – mimi, mpiga chapa, wafagizi wawili. Fundi mitambo walimpeleka kwenye mashine aweke santuri ya beni ya jeshi. Moja tu. Inaisha, inaanza.

Kiongozi wao ni kapteni, kijana. Alitaka kusoma tangazo mwenyewe. Akaanza, sauti ikamkauka. Akaanza tena, ikamkauka tena. Ndipo akatuma gari likamlete Saa Saba.

Aliletwa amevaa koti juu ya pajama. Nywele timutimu. Nilimwonea aibu kama ningemwonea baba yangu. Alipewa karatasi, akaisoma kimya, akairudisha. Akasema yeye ni mtu mzima, hilo hatalisoma.

Kapteni hakumpigia kelele. Wala hakumwelekezea bunduki. Alinyoosha kidole upande wetu, pale ukutani.

"Basi nichagulie nianze na yupi."

Saa Saba alitutazama mmoja mmoja. Nilimwona kwa kona ya jicho. Akaomba maji ya moto. Akaomba mfagizi mdogo aruhusiwe kukaa chini, maana ana mimba. Alipewa vyote viwili. Akaingia studio.

Akasoma. Rais ameondolewa, wananchi wabaki majumbani, hali ni shwari. Na alisoma kama siku zote! Kila neno limenyooka, kila pumziko mahali pake. Nilikuwa nimebanwa ukutani na mdomo wa bunduki uko mgongoni, na bado nilimwamini.

Sisi wengine tulifukuzwa alasiri twende makwetu. Yeye na fundi wamebakizwa. Mama nilimkuta sebuleni amejifunga shuka. Akaniambia kwa upole, kana kwamba mimi ndiye nisiyejua, kwamba kama Saa Saba amesema, basi limekwisha kuwa.

Jumamosi, 8 Machi

Halikuwa. Tangu alfajiri risasi, na mchana rais mwenyewe akasema redioni, sauti imekwaruza. Serikali ipo. Waasi wamekamatwa.

Jioni fundi mitambo alipita kwetu. Shati halina vifungo. Alikunywa maji vikombe viwili kabla ya kusema lolote. Kapteni aliuawa kwenye ngazi. Askari watiifu walipoingia studio, Saa Saba alisimama kuwapokea, anacheka, amenyoosha mkono awasalimie. Wakamshika huo huo mkono wakamkokota nao. Vipokea sauti vilikuwa bado shingoni, waya unaburuzika ngazi nzima. Fundi anasema Saa Saba alidhani wanamwokoa.

Jumatano, 12 Machi

Yuko mahabusu. Hatuambiwi wapi.

Kazini kila mtu anatembea kama kuna mgonjwa chumba cha pili. Kiti chake hakuna anayekikalia. Taarifa inasomwa na mhariri, na anaisoma kama anayekariri bei za viazi.

Kwenye foleni ya maji nimesikia watu. Mmoja anasema ile sauti tamu kumbe ilikuwa na wenyewe. Mwanamke mmoja anasema mume wake aliliamini tangazo kwamba hali ni shwari, akatoka kwenda kumchukua kaka yake, hajarudi mpaka leo. Hakuwa analaani. Alikuwa anasema tu, ndoo iko kichwani. Nilitaka kumweleza habari za ukuta. Nikaona haya. Ndoo yangu ilipojaa nikaondoka.

Jumapili, 16 Machi

Mke wake amekuja. Mama Pacha. Sijawahi kumwona bila kicheko. Leo alikaa ukingoni mwa kochi kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Mama alimletea chai, naye akakishika tu kikombe mpaka chai ikapoa.

Anasema wamemruhusu kumwona mara moja, dakika chache, askari katikati. Amekonda. Hasemi. Yule mtu! Anajibu kwa kichwa. Mkewe alipomuuliza amletee nini, aliinua mabega.

Kuna tume ya uchunguzi itakaa juu yake. Mama Pacha ameenda kwa mpiga chapa kumwomba ushahidi, naye akamwambia hakuona kitu, alikuwa amefumba macho. Wafagizi wamehama. Fundi mitambo alikuwa chumba cha mashine. Nimebaki mimi.

"Mdogo wangu, sikwambii umtetee," alisema. "Sema ulichokiona. Kilichotokea tu."

Nikamwahidi. Ni ahadi rahisi. Nilikiona chote.

Jumatano, 19 Machi

Tume ilikaa kwenye chumba cha mikutano, pale pale kazini. Wakubwa watatu na mkurugenzi wetu pembeni. Jagi la maji, bilauri zimefunikwa vitambaa.

Kwanza walicheza mkanda. Tangazo lote, mwanzo hadi mwisho. Ndipo nilipoogopa. Mkandani hakuna korido. Hakuna sisi. Hakuna yule kijana na kidole chake. Kuna Saa Saba peke yake, mtulivu, anaisomea nchi kwamba haina rais. Mwenyekiti alikuwa amefumba macho. Mkanda ulipokatika akasema, taratibu, kwamba hasikii mtu anayetetemeka.

Nikataka kumwambia hiyo ni kazi yake, kutotetemeka. Hakuwa ameniuliza.

Aliniuliza kama Saa Saba alielekezewa silaha. Nikasema, mheshimiwa, sisi ndio tulioelekezewa. Akasema jibu swali, binti. Ndiyo au hapana. Nikamtazama mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa anatazama bilauri.

Nikasema, "Hapana."

Aliuliza kama alifungwa. Hapana. Alipigwa? Hapana. Aliomba maji ya moto? Ndiyo. Nikaanza: lakini mheshimiwa, alituangalia kwanza, kulikuwa na mjamzito – akanishukuru. Kwa adabu kabisa. Mlango ulikuwa umeshafunguliwa.

Kila nilichosema ni kweli. Nimekaa kitandani na viatu, nimekirudia chote, na hakuna uongo hata mmoja.

Jumatatu, 24 Machi

Mkurugenzi kaniita. Nimepewa taarifa ya saa saba.

Hakuna mwanamke aliyewahi kuisoma, alisema, nitaingia kwenye historia ya redio yetu. Amesimama, amenipa mkono. Anasema wakubwa walipendezwa na jinsi nilivyojibu kwa ufupi.

Kwa ufupi!

Wenzangu wamenipongeza kwenye korido. Ile ile. Mpiga chapa kanikumbatia. Nami nimecheka – kwa sababu, niseme kweli, nimefurahi. Kabla sijakumbuka nilikuwa nimefurahi. Miaka yote ya salamu na majina ya wagonjwa, na nilikuwa naitaka saa saba kama mtoto anavyotaka kiatu cha dukani.

Alhamisi, 27 Machi

Nimesoma kwa mara ya kwanza. Sikukosea.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa mezani anachambua mchele. Redio kimya. Nilingoja. Akasema alisikiliza mpaka mwisho.

"Unasoma kama yeye," alisema.

Sijui ilikuwa sifa au nini. Aliendelea na mchele wake.

Jumatatu, 31 Machi

Nimepishana na Mama Pacha karibu na benki. Ameshika mabinti wake, mmoja kila mkono, sare zimepigwa pasi. Nilifungua mdomo. Yeye alivuka barabara tu, bila haraka, bila kunitazama, kama watu wanavyopisha maji machafu. Mtoto mmoja aligeuka akanipungia.

Nilisimama pale hadi mlinzi wa benki akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Jumatano, 2 Aprili

Niko kwenye benchi nje ya studio. Imebaki kama robo saa. Naandika hapa kwa sababu siwezi kukaa na mikono mitupu.

Hukumu imetoka. Kifungo, miaka kumi na minne. Ni habari ya tatu kwenye taarifa yangu, baada ya ziara ya waziri na bei ya pamba. Imeandikwa: *aliyekuwa mtangazaji wa redio hii, ambaye kwa hiari yake aliwasomea waasi tangazo lao.*

Nimempelekea mhariri. Nikamwambia hayo maneno, kwa hiari yake, yatoke. Akasema hayakuandikwa hapa, yametoka juu, na juu wanasikiliza. Nikamwambia nilikuwepo. Akavua miwani, akajikanda macho. Akasema, dada, najua ulikuwepo, na tume pia inajua. Nenda ukasome.

Fundi mitambo amepita na mkanda. Akasita. Akaniambia bila kunitazama kwamba gerezani wafungwa hufunguliwa taarifa ya habari kwa kipaza sauti, uwanjani, wakati wa kula. Sikumuuliza kwa nini ameniambia. Hakungoja nimuulize.

Basi anasikia. Jana amenisikia. Juzi pia.

Nimeisoma hiyo sentensi kwa kunong'ona bila hayo maneno matatu. Inakwenda vizuri. Hakuna msikilizaji atakayejua kuna kitu kimetoka. Watajua wachache tu, nao ndio wenye funguo. Ninamfikiria Mama na betri zake, dawa zake za presha. Ninamfikiria yule mwanamke wa ndoo, naye anasubiri kusikia kuna mtu amelipa.

Nimeisoma tena, maneno yakiwa ndani. Inakwenda vizuri vile vile. Sauti haikuyumba hata kidogo. Ukisikia utasema huyu anaamini.

Fundi anagonga kioo. Amenyoosha kidole, ananiita ndani. Mhariri amekuja kusimama nyuma yake, na mkurugenzi. Sijawahi kumwona mkurugenzi chumba cha mashine. Nimeshika karatasi, kalamu bado iko mkononi, na yale maneno matatu bado yapo.